Hadithi ya ndoa yako umeianzia wapi?



Usiku mmoja mwezi uliopita, baada ya Isha, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp iliingia sauti ya dakika 6. Aliyeituma ni bibi harusi mpya, mwezi wake wa tatu huo ndani ya ndoa. (Ruhusa ya kuandika haya amenipa mwenyewe, na yanayomtambulisha nimeyaficha.) Alikuwa akilia. Kwa ufupi alisema hivi: leo siku ya tatu mume wangu hali chakula changu, anarudi usiku kanuna, na jana nimemkuta ukumbini anazungumza na simu kwa sauti ya chini, aliponiona akakata.

Hazikupita dakika 10 hukumu ikawa imeshatoka. Ana mwanamke huyo. Fungasha vyako urudi kwenu kabla hujashika mimba. Mmoja akaleta kisa cha mume wa jirani yake aliyeanza hivyo hivyo. Mwengine akataka aambiwe mume anafanya kazi wapi, ana binamu yake hapo, atamuulizia. Na emoji za machozi zikamiminika, maana sisi kwa huruma hatujambo.

Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai, na sikuwa bora kuliko wenzangu, nilishaandika "pole mdogo wangu, wanaume ndivyo walivyo". Nimeshaituma ndipo nikajiuliza: hizo siku 3 zilianza na nini? Siku ya kwanza ilikuwaje? Tumesikiliza dakika 6 nzima na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Leo nataka nirudi kwenye jambo ambalo wengi wetu tuliliwacha skuli, kwenye kipindi cha fasihi baada ya mapumziko, wakati njaa imeshatulia na usingizi unakuja. Mwalimu aliandika ubaoni neno "msuko", chini yake akapanga: mwanzo, mgogoro, kilele, mwisho. Tukanakili, tukafanya mtihani, tukasahau. Tulidhani ni mambo ya riwaya. Kumbe ni mambo ya kila siku ya mwanamke mwenye simu mkononi na moyo uliojaa.

Neno lenyewe linatoka kwenye kusuka. Aliyewahi kukaa na bibi yake akisuka ukili atanielewa haraka kuliko mwalimu wangu. Miyaa iko pale chini, mirefu na mifupi, iliyotiwa rangi na isiyotiwa. Ukili unaotoka unategemea mkono umechukua upi, umeuwacha upi, umelaza upi juu ya upi. Miyaa hiyo hiyo, wape watu wawili, utapata mikeka miwili isiyofanana hata kidogo.

Matukio ya maisha yetu ndiyo hiyo miyaa, yamelala tu. Kinachoyafanya kuwa hadithi ni mkono wa msukaji, na hasa ile "kwa sababu" anayoipitisha katikati. Mwandishi wa Kiingereza, E. M. Forster, aliligusa hili katika kitabu chake Aspects of the Novel cha mwaka 1927: kutaja mambo kwa mfuatano wa wakati ni kitu kimoja, kueleza kuwa hili limeletwa na lile ni kitu chengine, na hicho cha pili ndicho msuko. Mume kanuna, mume kazungumza na simu. Hayo ni matukio mawili, na kila moja ni kweli. Mume kanuna kwa sababu ya huyo aliyekuwa kwenye simu. Hapo tumeshasuka. Na msikilizaji hajui kwamba lile la tatu hakuna aliyeliona kwa macho yake. Masikioni yanaingia yote matatu kwa uzito mmoja.

Kwa maoni yangu ndoa changa nyingi zinaumia hapo hapo. Tabia mbaya za watu zipo, sikatai, lakini mara nyingi kinachoanza kuumiza ni "kwa sababu" iliyotiwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Na msidhani ni balaa lililokuja na WhatsApp. Lilimfika mama yetu Bibi Aisha (R.A).

Kisa mnakijua, lakini kisomeni tena leo kwa jicho la msuko. Mtume (S.A.W) na Waislamu wanarudi kutoka vita vya Banu Mustaliq, Bibi Aisha yumo safarini. Usiku, wakati wa kuondoka unakaribia, anatoka kwenda haja. Anaporudi anajishika kifuani, mkufu wake wa shanga za Yemen umekatika na kuanguka. Anarudi kuutafuta, na kuutafuta kunamchelewesha. Huku nyuma wabebaji wananyanyua kile kibanda chenye pazia anachokaa mwanamke juu ya ngamia, wanakifunga mahali pake, na hawahisi kuwa ni kitupu, kwa kuwa alikuwa binti mdogo, mwepesi. Msafara unaondoka. Anarudi na mkufu wake mkononi, hakuna mtu. Anakaa pale pale akijua kuwa watakapomkosa watamrudia, na usingizi unamchukua. Safwan bin Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, anafika asubuhi, anamtambua, anasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, anampigisha ngamia magoti ili apande, na yeye anakwenda kwa miguu akishika hatamu, hadi wanalifikia jeshi jua limeshakuwa kali. Neno jengine halikupita baina yao.

Sasa jiulizeni: watu waliokuwepo kambini waliona nini katika yote hayo? Hawakuuona mkufu. Hawakuziona shanga zikiokotwa gizani. Waliona mambo mawili tu: mke wa Mtume hakuwamo kwenye msafara, kisha akatokea na mwanamme. Baina ya hayo mawili palikuwa na pengo, na akapatikana wa kulijaza, Abdullah bin Ubayy, ambaye nia yake haikuwa safi tangu zamani. Yeye alileta "kwa sababu". Wengine, na miongoni mwao alikuwemo mtu mzuri aliyepigana Badr, wakaipokea na kuipitisha.

Ni hadithi iliyokatwa kichwa. Ukiianza kwenye mkufu, ni kisa cha binti aliyepoteza kitu akachelewa. Ukiianza kwenye ngamia anayeingia kambini mchana, ni fedheha. Hakuna aliyehitaji kuzua tukio jipya, walichofanya ni kuchagua pa kuanzia.

Na aliyesimuliwa hakuwa na khabari. Hilo ndilo linaloniumiza kila nikikisoma. Alirudi Madina akaugua karibu mwezi mzima, watu wanazungumza yeye yumo ndani kalala, na alichokihisi ni kwamba ule upole aliouzoea kwa Mtume (S.A.W) kila anapougua safari hii umepungua. Hakujua kwa nini. Mpaka Umm Mistah alipojikwaa njiani, akamlaani mwanawe mwenyewe, na Bibi Aisha alipomkemea ndipo akaambiwa yote. Akaomba ruhusa kwenda kwa wazazi wake, akalia mpaka akadhani ini lake litapasuka.

Tazameni pia wanawake wengine ndani ya kisa hicho. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke mwenza, ndiye aliyekuwa akishindana na Bibi Aisha daraja kwa Mtume (S.A.W). Alipoulizwa, alijibu kuwa anayalinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwake ila kheri. Ndugu yake Hamna, kwa kutaka kumpigania, akawa miongoni mwa waliozungumza. Yule mwenye sababu ya kuchukia akanyamaza, na yule anayedhani anampenda ndugu yake akaharibu. Nikiwaza kikundi chetu cha WhatsApp, sisi karibu sote ni Hamna. Hatumchukii mume wa mtu. Tunampenda shoga yetu.

Kisha zikashuka aya za Sura An-Nur, kuanzia ya 11, na hukumu yake iko wazi mpaka leo: anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi zinaa bila mashahidi 4 hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Allah anadai mashahidi wanne waliokiona kitendo chenyewe. "Kwa sababu" yako haimo katika hesabu.

Kuna jambo dogo katika masimulizi yake ambalo sichoki kulitaja. Alipokuwa hana tena la kujitetea, aliwaambia waliokuwa mbele yake kuwa hapati mfano ila wa baba yake Yusuf, aliyejishika na subira njema na kumtaka Allah msaada. Baba yake Yusuf. Alilitafuta jina la Yaqub, na kwa huzuni likampotea. Lakini kisa hakikumpotea. Katika siku ngumu kuliko zote za maisha yake, alishika msuko wa hadithi ya mtu mwengine ili ajue yeye yuko sehemu gani ya hadithi yake.

Kwa nini kisa hicho na si chengine? Mimi naona ni kwa sababu Sura Yusuf imejaa hadithi za uongo zilizosukwa vizuri. Ndugu zake wanarudi kwa baba yao usiku wakilia, na kanzu yenye damu. Tazama ufundi wao: wana mwanzo (tulikwenda kushindana mbio), wana kilele (mbwa mwitu), wana ushahidi mkononi, hata machozi wanayo. Kila kitu kipo. Wafasiri wanasema Nabii Yaqub (A.S) aliitazama kanzu akaona haikuchanika, akastaajabu na mbwa mwitu huyo mpole anayemla mtu bila kumtoboa nguo. Akawaambia kuwa ni nafsi zao zilizowapambia jambo. Hakuwa na ushahidi wa kilichotokea, lakini alijua kuwa "kwa sababu" yao haishiki.

Kisha kanzu inarudi mara ya pili, nyumbani kwa mkubwa wa Misri, ambapo mke wa nyumba anawahi kusimulia mlangoni kabla Yusuf hajafungua mdomo. Anayewahi kusimulia ndiye anayechagua pa kuanzia, yeye kaianzia mlangoni. Shahidi wa jamaa zake mwenyewe akasema tazameni kanzu imechanika wapi. Ilikuwa imechanika nyuma. Kumbe kisa kilianza mbali zaidi, ndani, kwenye milango iliyofungwa, na Yusuf ndiye aliyekuwa akikimbia.

Na mara ya tatu kanzu inarushwa juu ya uso wa baba yake, na macho yake yanarudi. Kanzu tatu katika sura moja ya aya 111. Ile ndoto ya nyota 11, jua na mwezi iko aya ya 4, na kutimia kwake tunakusubiri mpaka aya ya 100. Baina ya hapo na hapo kuna kisima, soko, fitina, na jela ya miaka kadhaa. Fikiria ungekuwa msomaji anayefunga msahafu pale kisimani, au pale rafiki wa jela anapoachiwa huru na kumsahau. Ungesema hadithi imekwisha, tena vibaya.

Lakini mahali panaponigusa kuliko pote ni pale mfalme anapotuma mjumbe kumtoa Yusuf jela. Mlango uko wazi. Mimi na wewe tungetoka mbio. Yeye akamrudisha mjumbe: nenda kamuulize bwana wako khabari ya wale wanawake waliojikata mikono. Hakukubali kutoka kabla kisa hakijasimuliwa upya kuanzia mahali kilipoanzia, mbele ya waliokuwepo. Ndipo mke wa mkubwa akakiri kuwa yeye ndiye aliyemtaka. Uhuru bila ya ukweli angekuwa mtumwa aliyesamehewa tu, na minong'ono ingemfuata mpaka mwisho.

Basi tafauti ya subira na kunyamaza kwa woga inaonekana hapo. Nitarudi kwenye hili.

Kwanza nizungumze na maharusi, maana kuna jengine linalowaponza: pale hadithi inapoishia. Hadithi tulizolelewa nazo, za paukwa pakawa, nyingi zinakwisha kwenye harusi. Binti kateswa na mama wa kambo, kapata mume, ngoma ikapigwa siku saba, hadithi ikaishia hapo. Harusi ndiyo mwisho wa mgogoro. Na sisi wenyewe tunazipanga harusi zetu vivyo hivyo: miezi 8 ya maandalizi, ukumbi, hina, singo, nguo tatu za kubadilisha, picha. Kila kitu kinapanda kuelekea usiku mmoja, kilele kabisa. Kisha asubuhi ya siku ya nane baada ya fungate kuna vyombo vya kuosha, na mgeni mmoja ndani ya nyumba anayekoroma. Bibi harusi anapopata mgogoro wa kwanza hashtuki kwa ukubwa wake, anashtuka kwa kuwa haukuwemo kwenye hadithi. Anadhani ameingia hadithi isiyo yake.

Shafi Adam Shafi alilijua hili. Vuta N'kuvute, ambayo wengi tumeisoma na sasa ina filamu yake ya mwaka 2021, inatukutanisha na Yasmin mwanzoni kabisa akiwa na miaka 15, ameshaozwa mtu mzima wa kumzaa. Ndoa iko kwenye mlango wa kuingilia. Sisemi muige mambo ya Yasmin. Nasema mwandishi mzuri anajua kuwa kwa mwanamke, siku ya nikaha ni ukurasa wa mwanzo.

Na kwa adabu zote nitamtaja Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha ambao masomo na makungwi wanauchota mpaka leo. Ndani yake anaeleza kwa ufupi alivyoishi na mumewe bila ugomvi mpaka kifo kikawatenganisha. Nampenda sana bibi yule. Lakini kila nikifika hapo natamani angekaa kitako amhadithie mtoto hata siku moja mbaya, na ilivyokwisha. Nasaha tunazo nyingi. Mabinti wanahitaji pia kusikia mgogoro uliotokea kweli, ukapanda, ukashuka, na watu wakabaki wakila sahani moja.

Basi nitoe wangu. Mwezi wa nne wa ndoa yangu, miaka mingi sasa, mume wangu alinyamaza. Wiki mbili mtu yumo ndani, salamu anajibu, lakini hayupo. Nikampigia dada yangu mkubwa. Nikaianza hadithi siku aliponyamaza, kwa kuwa hapo ndipo maumivu yangu yalipoanza. Dada akauliza maswali mawili matatu, kisha akaimalizia mwenyewe: mama yake ndiye anayemtia maneno. Ikaingia vizuri, ikakaa. Mimi nikaanza kukumbuka kila neno ambalo mama mkwe alinambia, na kila neno likawa limepata mahali pake kwenye ukili. Dada akamwambia mama.

Ukweli nilikuja kuujua baada ya mwezi. Mume wangu alimdhamini rafiki yake deni, rafiki akatoweka, na mwenye kudai akawa anamngojea kila jioni nje ya msikiti. Aliona haya kunambia, bibi harusi wa miezi 4. Mama yake hata hakuwa na khabari.

Nikampigia dada kumweleza. Alifurahi, akasema alhamdulillah. Lakini mama hakuirudia ile hadithi na kuisuka upya. Kwa miaka kama miwili alikuwa akimwamkia mkwe mwenzake nusu nusu, na kila nikimwambia yalikuwa sivyo ananijibu "haya, wewe ndiye unayejua". Hadithi yangu ya kwanza ilimfika siku moja. Masahihisho yake hayajamfika vizuri mpaka leo.

Najua sasa kuna dada anayesoma hapa na moyo wake umeanza kubana. Anasema: haya, tumeshaambiwa tena tunyamaze, tumfikirie mume vizuri. Hapana, shoga yangu, na nilisema nitarudi.

Mwanamke anayepigwa ndiye ambaye hadithi yake inakatwa kichwa kuliko wote. Anakwenda kwa wazee na mkono umevimba, na swali la kwanza analoulizwa ni: ulimwambia nini? Unaona pa kuanzia walipopachagua? Hawakuanzia kwenye ngumi, wala kwenye ngumi za mwezi wa nyuma. Wameanzia kwenye jibu lake la jana jioni, ili ngumi iwe "kwa sababu" yake. Akisema chakula kilichelewa, basi, msuko umekamilika, anarudishwa nyumbani na kuambiwa asubiri kama Nabii Yaqub. Subhanallah. Nabii Yusuf alisubiri jela, ndiyo, lakini palipopatikana wa kusikiliza alidai kisa kianzie mwanzo. Dada kama huyo asinyamaze. Aisimulie hadithi yake yote, kwa tarehe, kwa picha ya jeraha, kwa cheti cha daktari, kwa mtu mwenye uwezo wa kumlinda, na akatae kuanzishwa katikati.

Mtume (S.A.W) alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuhukumu, alimuusia asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie na wa pili. Agizo hilo linawabana wazee wanaomsikiliza mume peke yake, na linatubana na sisi tunaomsikiliza mke peke yake kupitia simu. Hatuwezi kulitaka kule na kulikataa huku.

Kwa hiyo unapoijiwa na hadithi ya ndoa ya mtu, au unapojiandaa kuitoa yako, kuna kazi ya kufanya kabla. Mimi siku hizi nauliza kabla ya hapo palitokea nini, kisha nauliza tena, maana jibu la kwanza mara nyingi bado liko katikati. Naisaka ile "kwa sababu" na kuitenga: hii umeiona au umeidhani? Nauliza nani katika hadithi hii hajasema hata neno moja. Na hasa, je, hadithi imefika mwisho, au tumeizima tu kwa kuwa tumechoka kuumia? Jambo la siku 3 bado lina kesho yake.

Pia si kila kinachokatwa ni uongo, na hapa msuko unakuwa mzito kidogo. Mwisho wa Sura, Nabii Yusuf anapokaa na wazazi wake na ndugu zake, anayahesabu mema ya Allah juu yake: kamtoa jela, kawaleta jamaa zake kutoka jangwani baada ya shetani kuchochea baina yake na ndugu zake. Kataja jela. Kisima hakukitaja. Wafasiri wanasema aliwaonea huruma ndugu zake, wamekaa pale wanamsikiliza, hakutaka kuwaaibisha. Mtu yule yule aliyekataa kutoka jela mpaka hadithi isemwe yote, leo anaruka sehemu iliyomuuma kuliko zote. Tafauti ni kwamba kule ukweli ulikuwa unahitajika ili haki isimame, na huku haki imeshasimama, wenye kosa wameshakiri na kusamehewa. Kuna visima katika ndoa yangu ambavyo hamtavisoma hapa wala popote.

Tukirudi kwa yule bibi harusi wetu. Usiku ule nikaifuta ile "wanaume ndivyo walivyo", ingawa najua walishaisoma. Nikamwandikia pembeni, kisha nikampigia. Alipokea kwa sauti iliyokwisha kukauka. Nilimwambia, mdogo wangu, mimi sina la kukushauri bado, nataka tu unihadithie tena. Akaanza, "Siku ya kwanza alirudi kanuna…" Nikamkatiza. Nikamuuliza siku ya kabla ya hiyo mlikula nini, mlikuwa wapi, nani alikuja. Akanyamaza kidogo. Nikasikia maji ya bomba yanafungwa.

"Dada," akasema, "subiri nifunge mlango."

Tulizungumza mpaka saa saba za usiku. Aliyonambia ni yake, nami sina ruhusa nayo.